Jina Atakalozikwa Nalo

Ndugu waombolezaji, majirani, wakunga na wauguzi wa zahanati yetu, mimi ni mdogo wake mume wa marehemu, na familia imenipa jukumu la kusoma historia ya shemeji yangu, lakini kabla sijaanza nawaomba zile karatasi zilizochapwa mapema wiki hii mzikunje mziweke mfukoni, kwa sababu ukurasa wa kwanza wote, kuanzia kuzaliwa hadi kumaliza shule, si wa marehemu, ni wa mama aliyeketi hapa mbele mwenye gauni la buluu, aliye hai na mzima wa afya.

Marehemu alizaliwa, hilo halina ubishi, ila wapi na lini hatujui. Ile tarehe tisa Machi 1968 tuliyokuwa tukimkatia keki kila mwaka ni siku ya kuzaliwa ya mama huyu, na wale wazazi tulioambiwa walifariki angali mdogo ni wazazi wa mama huyu, ambao walikuwa wakilima na kula vizuri tu wakati sisi tukiwaombea wapumzike.

Shule aliyosoma nayo hatuijui. Tunachokijua kinaanzia mwaka 1988, wasichana wawili walipopanga chumba kimoja mjini, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mmoja alikuwa mama huyu, aliyemaliza sekondari na kuuza vitambaa dukani huku akisubiri nafasi ya chuo cha ukunga, na wa pili alikuwa marehemu, aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukupoa kuanzia anapoamka. Ninyi mliomfahamu marehemu kama mkunga wetu, mwanamke aliyeweza kushinda siku nzima kwa maneno kumi, mnaweza kufikiri jinsi tulivyotazamana tuliposikia hayo.

Kuhusu kazi, nasema kwa idhini ya kaka na watoto, kazi yake ya kwanza ilikuwa wizi. Aliingia kwa masonara akijifanya bibi harusi mtarajiwa, akaomba aonyeshwe pete, akapiga porojo mpaka sonara akacheka na kufuta machozi, na sonara akifuta machozi, pete ya dhahabu ilishaondoka kwenye sinia na nyingine ya shaba imeketi mahali pake. Mwezi wa Agosti 1989 alichukua mkufu wa yakuti, polisi wakafika kwenye kile chumba yeye akiwa hayupo, wakakuta kisanduku cha mkufu, kitupu, chini ya godoro la mwenzake. Kama alikiweka pale kusudi, au alikitupia tu kwa haraka, mama huyu anasema hajui mpaka leo, na aliyejua ndiye huyu aliyelala mbele yetu.

Mama huyu alikaa mahabusu miezi minane kwa kosa asilolitenda. Alipoachiwa kwa kukosekana ushahidi alikuta vyeti vyake na barua ya chuo havipo, akasafiri hadi chuoni kujieleza, na pale getini akaambiwa kwamba mtu mwenye jina hilo yuko darasani na anafanya vizuri, kwa hiyo yeye ndiye tapeli, aondoke kabla hawajaita polisi. Mtu aliyetoka mahabusu haombi aitiwe polisi. Aliondoka, akawa mpishi wa shule, na ni mpishi mpaka leo.

Marehemu alihitimu ukunga mwaka 1992, mitihani akiifanya kwa akili yake mwenyewe, akapangiwa zahanati yetu, na hapo historia mnaifahamu kuliko mimi, kwani vijana wengi waliobeba viti asubuhi hii waliingia duniani kupitia mikono ile ile. Tarehe 12 Novemba 1994 alifunga ndoa na kaka yangu, fundi wa magari, akakataa pete, akisema mkunga hawezi kazi na chuma kidoleni, na sisi tukamsifu kwa kupenda kazi. Walijaliwa watoto watatu. Kuhusu mkufu, hatujui ulikokwenda, nyumba tumeipekua wenyewe, na anayedhani uko chini ya sakafu ya kaka asijisumbue kuja na sururu.

Aliugua figo kuanzia mwaka juzi. Wiki zake za mwisho alimwambia binti yake mkubwa, zaidi ya mara moja, kwamba akifa asitangazwe redioni. Tuliona ni unyenyekevu wake wa kawaida. Alifariki Jumatano iliyopita saa nne asubuhi, na sisi, kwa kumpenda, tukatangaza, jina kamili, jina la baba, mahali alipozaliwa na shule.

Mama huyu alikuwa jikoni anamenya viazi. Alisikia kifo chake mwanzo hadi mwisho, akaweka kisu chini, akapanda basi. Juzi mchana aliingia sebuleni kwa kaka, akaitazama picha iliyokuwa mezani, akatuambia kwa sauti ya chini, "Huyu ni Chiriku. Mnayemlilia ni mimi."

Sitaficha kwamba alikuwa na hasira, na sitaficha kwamba baadhi yetu tulitaka kumtoa nje. Alieleza yote akiwa amesimama. Binti yetu mkubwa alipomletea maji, mgeni alimuuliza anaitwa nani, binti akataja jina alilopewa la bibi mzaa mama, na mgeni akaiacha bilauri mkononi mwa binti. "Hilo ni jina la mama yangu," alisema, na hapo ndipo alipoketi.

Mwishowe kaka aliuliza jambo moja tu, mke wake aliitwa nani hasa. Mama huyu alimwambia, na kaka akalirudia polepole, mara kadhaa, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Kisha akauliza afanye nini na kibao cha kaburi, maana seremala alishachonga jina. Mama huyu akamjibu, "Mzikeni kwa jina lake. Langu bado nalitumia."

Hajasema amesamehe, na hatukumwomba. Amesema atabaki mpaka mwisho wa mazishi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliolala nasi chini, wafanyakazi wenzake wa zahanati ambao mmesikia haya leo na hamjaondoka, na seremala aliyekipiga kibao randa na kuchonga upya bila kuuliza maswali. Tunakushukuru mama uliyesafiri, na tunakuomba radhi.

Shemeji, miaka yote hii nimekuita jina lisilo lako, nawe ukaitika. Lako sitalitaja hapa, kwa kuwa kaka ameomba yeye awe wa kwanza kulitamka mbele za watu, pale kaburini. Ukilisikia, usigeuke kumtazama mtu mwingine, ni wewe unayeitwa, pumzika kwa amani.