Magugu ya Orpha na Nondo Wake

Mchungaji, wafiwa wenzangu na majirani zetu wa Westby, mimi Norval, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kusoma historia hii, nami naomba mnivumilie, maana nimechanganyikiwa na sijui nianzie wapi.

Dada yetu Orpha Tollefsrud alizaliwa shambani kwetu tarehe 9 Machi 1946, ingawa cheti kinasema tarehe 11, kwa kuwa theluji ilimzuia baba kufika mjini kumwandikisha. Alisomea ualimu La Crosse, akafundisha sayansi hapa Westby tangu Septemba 1968 hadi Juni 2006. Tarehe 19 Juni 1971 alifunga ndoa na Einar, wakajaliwa binti mmoja, Kari, huyu aliyekaa mbele.

Einar alipofariki mwaka 1998, Orpha aliacha malisho ya nyuma ya nyumba yamee magugu marefu ya maua ya manjano, nasi tukadhani ni majonzi. Kumbe kuna nondo mdogo wa kijivu, hazidi ukucha wa kidole, ambaye kiwavi wake hukaa ndani ya shina la magugu hayo mpaka shina likavimba, na Orpha alitaka kujua kama nondo wa magugu yenye shina laini na wale wa yenye shina la manyoya ni ukoo mmoja au koo mbili. Shina laini alilifunga uzi wa bluu, la manyoya uzi mwekundu, na kwa miaka ishirini na mitano aliandika siku ambayo kila nondo alitoka, maana wanaotoka nyakati tofauti hawakutani wakazaana. Tulimtania kwamba wenzake wanafuga ng'ombe yeye anafuga wadudu, akatujibu kuwa wadudu wake hawaamshi mtu alfajiri kukamuliwa.

Kongosho lilianza kumsumbua Februari mwaka huu wa 2023. Tarehe 14 Agosti, hospitalini, alinishika mkono akasema, "Norval, magugu yangu usiyaguse mpaka Oktoba. Mwaka uliobaki ni huu tu, nipate jibu langu."

Niliitikia, ila moyoni nilisema hizo ni dawa zinaongea. Alifariki tarehe 17 asubuhi, na kesho yake nikamwomba jirani Delmar afyeke kule nyuma, wageni wapate pa kuegesha magari. Kosa ni langu, si la Delmar, na tangu siku hiyo sijui namlilia dada au nayalilia magugu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, kina mama wa kanisa waliopika, Delmar na trekta lake, na mkewe Arlys, ambaye bila kujua lolote aliona maua mazuri hayo yasitupwe, akayaokota yote, na ndiyo haya kwenye ndoo kuzunguka jeneza. Nimeyakagua leo asubuhi, vivimbe vipo, nyuzi zipo, na nondo bado hawajatoka.

Kwa hiyo, mkimaliza kahawa, kila mmoja achukue shina moja lililovimba, alitie ndani ya chupa, afunike kwa kitambaa, na nondo akitoka aniambie siku na rangi ya uzi. Huenda hata nikilipata jibu nisilielewe.

Pumzika kwa amani, dada, magugu sikuyatunza, lakini siku za nondo wako nitakuandikia.