Mjomba wa Kianzio Anahama Nyumba

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi alasiri, afisa malipo wa idara yetu atafunga droo yake, ile isiyokubali kufunga mpaka uisukume kwa goti, na kustaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Kwenye barua ya ajira ana jina kamili na cheo kirefu, lakini humu ndani hakuna anayelitumia jina hilo isipokuwa kompyuta ya mishahara. Kwetu sisi, kwa mlinzi wa getini, na kwa mamia ya vijana walioanza maisha kupitia meza yake, yeye ni Mjomba.

Kwa wageni wa sherehe ya kumuaga wasioijua kazi yetu, niieleze kwa ufupi. Kijana wa kawaida akihama kwao kwenda kujitegemea, mama humpa sufuria, shangazi huleta shuka, na kaka hujitokeza kubeba godoro huku akilalamika njia nzima. Aliyelelewa kwenye kituo cha watoto anafikisha umri wa kutoka, anaagwa vizuri, halafu anasimama nje ya geti na begi lake. Hapo ndipo idara yetu inapoingia. Tunampa fedha za kununua vitu vya kwanza vya nyumba, ambazo sisi tunaziita kianzio, na baada ya hapo posho ya kila mwezi ya kodi na chakula mpaka asimame kwa miguu yake. Anayezitoa ni Mjomba.

Alikuja hapa kwa muda wa miezi mitatu tu, kumshikia nafasi mama mmoja aliyekwenda likizo ya uzazi. Mama yule alijifungua salama na hakurudi. Mtoto akakua, na mwaka jana alituletea kadi ya harusi yake. Mjomba bado anashika nafasi.

Nimekaa naye chumba kimoja muda wa kutosha kumjua. Anaimba mtandao unapokatika, na anaimba vibaya. Kwenye semina ana kipaji cha kulala macho wazi, tena huku akitikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na mtoa mada. Chai yake ina sukari ya kumtisha daktari. Lakini sijapata kumwona akitoa kianzio akiwa amekaa. Husimama, hufunga dirisha, huvaa koti hata kama joto limetuchemsha, kisha humkabidhi kijana fedha zake kwa mikono miwili. Nilimuuliza zamani koti la nini, akaniambia hiyo ni siku ya mtu kuhamia kwake, na siku ya namna hiyo mjomba mtu haji amevaa ovyo.

Jumamosi inayofuata humsindikiza kijana sokoni kununua vitu, na hapa lazima tuseme ukweli. Mjomba hajui kupatana bei. Muuzaji akitaja bei, yeye husema haya, hushukuru, na akimwona muuzaji ana uso wa huzuni huongeza kidogo. Aliwahi kugonga ndoo kwa kidole kama fundi mkuu wa ndoo duniani, akaisifu, akainunua, na siku ya kwanza kuichotea maji ikavuja yote njiani. Akitokeza tu upande wa vyombo, wauzaji huanza kumfutia viti.

Sasa kijana aliyezoea kuletewa kila kitu kituoni, ambaye hakuwa anamtazama mtu mzima usoni, anaona fedha zake zinakwenda na maji. Havumilii. Kabla jua halijapanda anakuwa ameshamsogeza Mjomba kando, amebonyeza godoro kwa ngumi, na anamwambia mwenye godoro kwamba hiyo sponji ni nyepesi na bei yake ni nzito. Mkurugenzi wetu alivutiwa sana na jambo hili, akaliandika kwenye taarifa ya mwaka kama mbinu maalumu ya kujenga kujiamini kwa vijana. Mjomba aliposomewa alikohoa kidogo akakoroga chai yake. Mkewe ndiye aliyetufungua macho, kwamba nyumbani amepigwa marufuku kununua hata nyanya.

Kuna mwaka kazi hii yote ilitaka kwenda mrama. Bodi iliona kuwapa vijana fedha mkononi ni hatari, kwamba watazitapanya, na kwamba kununua vitu kwa jumla ni nafuu. Yakatengenezwa mafurushi: godoro, sufuria, ndoo na blanketi, sawasawa kwa kila mtu. Blanketi lilikuwa la rangi ya udongo lenye mistari miwili ya njano, kutoka kwa muuzaji yuleyule anayeuzia vituo vya watoto. Mji mzima uliyajua mablanketi hayo, maana yalikuwa yakianikwa kwenye uzio wa kituo kila wiki. Mjomba alipinga, akaambiwa asubiri kwanza aone.

Miongoni mwa waliopata furushi la kwanza alikuwamo binti aliyekuwa anajifunza kusuka nywele. Leo tunamwita Msusi. Alipanga chumba kwenye ua wenye vyumba sita na kamba moja ya nguo katikati. Mjomba alipokwenda kumtembelea alikuta chumba kinanuka unyevunyevu na binti anakohoa. Blanketi lililofuliwa lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, likidondosha maji kwenye beseni. Nje jua linawaka na kamba haina hata kitambaa.

Alimuuliza kulikoni, binti akasingizia wezi. Baadaye akasema wazi. Majirani alikuwa amewaambia ametoka kwa shangazi yake, na bosi wake wa saluni vivyo hivyo. Akilianika blanketi lile, kabla ya jioni ua mzima utajua ametoka wapi, na kuanzia siku hiyo atakuwa mtu wa kuhurumiwa, au mtu wa kwanza kuulizwa sabuni ya mwenzake ikipotea. Alitaka tu kuwa mpangaji kama wapangaji wengine. Alisema bora akohoe, na ikibidi atahama hata chumba chenyewe.

Wengine tungeandika dokezo. Mjomba alikwenda stoo, akachukua mablanketi, na kwenye kikao cha bodi akaweka moja mbele ya kila mjumbe. Akawaomba kwa heshima zote wakayafue na kuyaanika nje kwao kwa wiki moja. Hakueleza zaidi. Walivunjika mbavu, na mjumbe mmoja akauliza kama afisa malipo amepata likizo ya kutosha. Aliyelibeba la kwake kweli alikuwa mwenyekiti, mkunga mstaafu asiyependa kuambiwa ameshindwa kitu.

Siku ya kwanza jirani alimuuliza kama amechukua mtoto wa kituo. Siku ya pili mwingine akampongeza kwa moyo wake wa huruma, halafu akamshauri afunge kabati. Siku ya tatu akaletewa mfuko wa nguo kuukuu za yule mtoto, ambaye hata hakuwapo. Mama yule hakungoja wiki iishe. Aliitisha kikao, akamwaga nguo zile mezani, moja ilikuwa sweta lisilo na mkono, akawasimulia wenzake neno kwa neno. Mafurushi yalikufa siku ileile, na fedha zikarudi mikononi mwa wenyewe. Nakiri nilifurahi mpaka nikatoka nje kujifuta machozi.

Jumamosi iliyofuata Msusi alikwenda sokoni na Mjomba, akachagua blanketi jekundu lenye maua makubwa kama sahani. Lilikuwa blanketi la kupiga kelele. Alilifua hata kabla ya kulilalia, kwa sababu ya hamu tu ya kulianika, akalitandaza katikati ya kamba mpaka wapangaji wenzake wakanung'unika kwamba amewamalizia nafasi. Anasema hakuna manung'uniko yaliyowahi kumfurahisha namna ile. Leo ana saluni yake mwenyewe.

Mengine ya Mjomba nayataja harakaharaka, maana nafasi ni finyu na yeye hapendi sifa ndefu. Ndiye aliyelishikia bango suala la posho mpaka ikaacha kukatwa siku kijana anapotimiza umri uliowekwa, ikawa inakwenda hadi amalize mafunzo yake. Kijana akichelewa kuja kuchukua posho, Mjomba alimfuata alipo badala ya kumfutia.

Sasa tumefika kwenye kichekesho cha mwisho. Miaka yote hii Mjomba ameishi nyumba ya watumishi, ile nyuma ya karakana. Amejenga vyumba viwili vyake na anahamia huko. Wiki iliyopita mtunza stoo alikwenda kukagua mali ya idara: kitanda ni cha idara, meza ya idara, mapazia ya idara, hata sufuria kubwa imeandikwa namba kwa rangi nyeupe. Vitu vya Mjomba mwenyewe vilikuwa redio, nguo na lile koti. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini, kwenye kiti cha idara. Mtu aliyewahamisha vijana wote wale hana hata ndoo, na ile aliyowahi kununua tunajua ilivyovuja.

Kamati ya kumuaga ilikutana na kupanga kumnunulia vitu kwa jumla. Tulishaanza hata kubishana rangi ya blanketi. Msusi, aliyekuja na michango ya vijana wenzake, alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akauliza ni nani kati yetu aliyelala na Mjomba akajua anapenda kujifunika nini. Kikao kilikwisha hapo.

Kwa hiyo siku ya sherehe mkurugenzi atasimama, atafunga dirisha, atavaa koti, na kumkabidhi Mjomba kianzio chake kwa mikono miwili. Jumamosi Msusi atamsindikiza sokoni. Sharti ni moja, bei ikitajwa Mjomba aangalie pembeni.

Mjomba, asante kwa kutusimamia. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na miaka mingi kwenye nyumba yako mwenyewe, wewe na mama. Blanketi chagua unalolipenda, na ukilifua, lianike nje, katikati ya kamba.