Mwalimu Nelson Mbugua Macharia, Aliyetufundisha Kuinama

Tunamshukuru Mungu kwa maisha ya ndugu yetu Nelson Mbugua Macharia, aliyezaliwa Illasit tarehe 9 Juni 1968, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Macharia na Mama Mumbi.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Illasit, na sekondari Loitokitok, akamaliza mwaka 1986. Akaenda Nairobi kutafuta kazi, akapata karate kwanza. Vitabu vya karate alivinunua vikiwa vimekwisha kusomwa na wengine, vingine havina jalada, na alivisoma mpaka chai ikapoa. Mama yake akamuuliza, "Mbugua, kwani kupigana nako kunasomewa?"

"Kupigana hakuna kazi, maitu. Hivi vinafundisha kuacha."

Kuanzia 1991 alikuwa karani wa stoo kwenye shamba la maua, Isinya. Jioni alifundisha watoto katika ukumbi wa kanisa letu, Kitengela. Kabla ya ngumi yoyote aliwasomea ukurasa mmoja, awaulize maana yake. Neno karate maana yake ni mkono mtupu, na watu husema mkono mtupu haulambwi. Yeye alisema mkono mtupu ndio unaosalimia.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na Rebecca, binti ya Mzee Parsaoti. Mungu akawajalia Sandra na Roy.

Mwaka 2009 jaribu likaja. Wanafunzi wake huinama wakiingia mlangoni, na wakiinuka kushindana huinamiana tena. Wazee wa kanisa wakaona hiyo ni ibada ya miungu. Wakamwita, arudishe ufunguo wa ukumbi.

"Hawa watoto wanainamia nani?" akauliza Mzee Njuguna.

"Wanainamiana, mzee. Anayeinama anamwambia mwenzake, mimi sikuchukii."

"Basi wainamie Mungu peke yake."

Mwalimu hakubishana. Aliweka ufunguo mezani. Sandra, aliyekuwa amemfuata baba yake, akamwona babu yake Parsaoti kati ya wale wazee. Akaenda akainamisha kichwa mbele yake, vile watoto wa Kimaasai husalimia wakubwa, na babu akamwekea kiganja kichwani. Halafu akageuka.

"Njuguna, huyu mtoto ameniabudu?"

Mzee Njuguna akausukuma ufunguo ukarudi kwa Mwalimu. "Chukua. Lakini mfunge madirisha, mnapiga kelele sana."

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Aliendelea kufundisha akiwa ameketi kitini. Mapema mwaka huu alilazwa hospitalini hapa Kitengela, na Mzee Parsaoti akaja kumwona. Mwalimu hakuweza kuinuka, lakini alisogeza kichwa chake kwenye mto kuelekea kwa mzee. Mzee akaweka kiganja, akakiacha hapo muda mrefu. Kesho yake mchana, tarehe 11 Februari 2025, Bwana alimwita.

Ameacha Mama Mumbi, mjane wake Rebecca, watoto Sandra na Roy, dada yake Waceke, mkwe wake Mzee Parsaoti, na wanafunzi wengi. Ni Mzee Njuguna mwenyewe aliyeomba kwamba leo wanafunzi watangulie kufika kando ya kaburi, wainame kama walivyofundishwa.

Umeinama vya kutosha, Mwalimu. Mkono wa Bwana uwe juu ya kichwa chako, upumzike kwa amani.