Mama Kikao Akalia Kiti cha Mbele

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kujikunja chini ya dashibodi za watu, fundi wetu mkuu wa umeme wa magari anastaafu Ijumaa, tarehe 28 mwezi huu. Kwenye mkataba ana jina lake kamili, lakini karakana nzima, wateja, hata mlinzi wa getini, wanamjua kama Mama Kikao. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye dirisha lake la mapokezi linatazamana na meza yake ya kazi, ameombwa aandike kwa heshima na kwa ufupi. Heshima ipo. Ufupi tutajaribu.

Alianza kama binti wa kubadilisha balbu na betri, mwanamke pekee kati ya mafundi. Walimwachia kazi zisizotakiwa na mtu: nyaya zilizotafunwa na panya, redio zinazojiwasha zenyewe, honi zinazolia gari likikata kona. Akazipenda. Mifuko ya hewa, ile inayofumuka gari likigonga, ilipoanza kuingia kwenye magari, wenzake waliiogopa kama bomu. Yeye aliomba kozi, akaenda, akarudi na cheti na mdomo zaidi. Maana tuseme ukweli, Mama Kikao si mpole. Ukiacha bisibisi kwenye kiti cha mteja utaambiwa, na jirani yako naye atasikia.

Jina lenyewe lilitokana na taa. Katika magari mengi ya familia tunayohudumia, karibu na redio kuna kataa kadogo ka manjano, kenye mchoro wa mtu aliyekaa na mfuko uliokatwa kwa mstari. Ndani ya kiti cha abiria wa mbele kumetandikwa kijamvi kinachopima uzito. Kiti kikiwa kitupu, au kikikaliwa na mtoto, gari linauzima mfuko wa hewa wa upande huo na kuwasha taa. Akikaa mtu mzima, taa inazimika na mfuko unakuwa tayari. Taa ikiwaka, mfuko umelala; taa ikizimika, mfuko uko macho. Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu tumezoea kwamba taa ya dashibodi ikiwaka gari linaumwa. Wateja walifika dirishani wakitaka taa hiyo izimwe, na Mama Kikao alitoka na mafuta mikononi kuwaeleza kwamba ile ya hitilafu ni nyekundu, na hii inatoa taarifa tu.

Kompyuta ya kupimia magari aliiamini, lakini si sana. Akimaliza kazi kwenye kiti chochote alisimama uwanjani na kupaza sauti: “Kikao!” Hapo ofisi ilihama. Mtunza stoo, ambaye umbo lake halina ubishi, alikaa na taa ikazimika kabla hajafunga mlango. Kisha alikaa katibu muhtasi, mama wa watoto watatu, lakini mwepesi mno. Kwenye magari mengine taa iligoma kuzimika, gari likimhesabu kuwa mtoto. Alinuna kila mara, na mara moja alikata rufaa baada ya chakula cha mchana.

Meneja wetu alipohamia hapa, wiki ya kwanza alisikia kikao kikiitwa mara kadhaa asubuhi moja, akaona watu wanaacha meza zao. Akachukua kalamu na daftari, akawafuata. Alipouliza mwenyekiti ni nani, mtunza stoo aliinua mkono kutoka ndani ya gari, akasema ni yeye. Hakuwa na utani: kwa lugha ya karakana hii, mwenyekiti ni yule aliyekaa kwenye kiti. Meneja hakucheka. Alitutaka tupunguze vikao.

Yeye na Mama Kikao hawakupatana vizuri hadi siku ya gari la mwalimu mmoja kijana. Kijana huyo alileta gari kwa mafuta na breki, basi. Mkewe alikuwa amejifungua, na alasiri angewafuata hospitali, mama na mtoto. Kiti cha kichanga, kile kinachotazama nyuma, alikuwa ameshakifunga mbele. Kazi ikaisha, gari likaoshwa, injini ikawashwa. Mama Kikao, aliyekuwa anapita kuchukua tochi yake, akachungulia dirishani na kuona taa haiwaki.

Akaita kikao. Kiti cha mtoto kikatolewa, katibu muhtasi akakaa: giza. Akanyanyuka: giza vilevile. Kiti kilikuwa kitupu, na gari likaamini kina mtu mzima. Mama Kikao alizima injini, akatia ufunguo kwenye mfuko wa ovaroli, akaingiza kichwa chini ya kiti. Fundi fulani wa kwingineko, alipoombwa azime taa, alikuwa amekata waya wa kijamvi na kuunga kifaa kidogo cha kuidanganya kompyuta. Mfuko wa hewa hufumuka upesi kuliko kope. Mtu mzima aliyefunga mkanda unamwokoa. Kichanga aliyeupa mgongo unakipiga kiti chake pale pale kichwa kilipo.

Meneja, mwenye mteja anayetazama saa, alimwambia atoe ufunguo au akakusanye vitu vyake. Mama Kikao alijibu kwamba vitu vyake ni vichache, na ufunguo ni kimojawapo. Kisha akauingiza ufunguo mahali pake, akawasha umeme bila injini, akamwomba meneja jambo moja tu: akae. Meneja alikaa, akanyanyuka, akainama kutazama pale taa ilipopaswa kuwaka, akakaa tena, akanyanyuka tena. Akavua koti. Alikwenda mwenyewe kumwomba mwalimu asubiri, akarudi kumshikia fundi tochi.

Jioni waya ulikuwa umerudi mahali pake na kijamvi kimefundishwa upya uzito wa kiti kitupu. Mtunza stoo alikaa, taa ikazimika. Katibu muhtasi alikaa, taa ikawaka, na siku hiyo hakununa. Mwalimu aliondoka na mawaidha kwamba mahali pema pa mtoto ni kiti cha nyuma.

Miezi michache baadaye, siku moja nyuma palipojaa pomoni, mtoto aliwekwa mbele kwenye kiti chake. Kwenye makutano lori lilikosa breki likawavaa. Mfuko wa dereva ulifumuka. Ule wa abiria ulibaki umelala, taa ikiwaka, na mtoto alitolewa akilia, hana hata mkwaruzo. Gari lilipoletwa limevutwa, mwalimu alipita mapokezi bila salamu, akaenda moja kwa moja kumkumbatia Mama Kikao na mafuta yake yote. Tulilia. Mtunza stoo anadai ilikuwa vumbi.

Tangu hapo hakuna gari linalotoka getini bila kikao, kwa amri ya meneja. Hapa kwetu taa hiyo haizimwi kwa kuombwa. Mafundi aliowafunza Mama Kikao sasa wanaongoza karakana nyingine, na huko nako, tunasikia, watu wanaitwa wakae.

Ila yeye mwenyewe hajawahi kuwa mwenyekiti. Miaka yote amechuchumaa mlangoni, macho kwenye taa, akiwakalisha wengine.

Ijumaa hiyo mwalimu atamfuata kwa gari lilelile, lililofufuliwa kwa mikono ya Mama Kikao mwenyewe. Yule mtoto, sasa binti wa darasa la sita, amekwisha kusema atakaa nyuma. Meneja ndiye atakayeita kikao, nasi tutajipanga mlangoni kuhakikisha taa inazimika.

Mama Kikao, asante kwa ukali wako na kwa kila mtoto aliyefika nyumbani bila kujua kwamba ulikuwepo. Tunakutakia pumziko refu, afya tele na barabara nyeupe. Kaa vizuri, mwenyekiti, mfuko uko macho. Funga mkanda, nasi tufunge kikao.