Picha ya Mashindano ya Bao

Zam alikuwa akirudi kambi ya wakimbizi ya Nakivale kutoka Mbarara, nyuma ya pikapu, na mzozo wa abiria wenzake wawili ukamsahaulisha vumbi. Haji Buruhan alikuwa akisambaza matangazo ya mashindano yake ya bao, yenye picha ya msichana aliyevaa nguo ya kuogelea, amekalia ubao wenyewe.

"Haji, bao na mapaja vinahusiana vipi?" aliuliza Enid, mke wa askari wa kambini. "Mimi nataka kuja kucheza. Bwana wangu akiona hii, hataniruhusu."

"Nyabo," Haji alimwita kwa heshima, "mwaka jana nilichora kete tupu. Walikuja wazee watatu, na mmoja alikuwa amepotea njia."

Zam alijifunika mdomo kwa leso asionekane akicheka, ingawa moyoni alikuwa upande wa Enid.

"Basi mvalishe gomesi, afunikwe mpaka miguuni."

"Gomesi itafunika ubao wote."

Pikapu ikasimama Kabingo. Buruhan alipobandika tangazo, wanaume walilizunguka mara moja. "Huyu dada anacheza siku gani?" mmoja aliuliza. Habari za bao hakuuliza mtu.

Buruhan alimgeukia Enid kwa uso wa mshindi, akamkuta Enid anamtazama kwa uso uleule.