Saruji ya Ukuta wa Kaskazini

Marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Chokaa, alizaliwa tarehe 4 Machi 1948 nyuma ya kanisa hili kongwe la parokia, mtoto wa tatu wa mpiga kengele. Alisoma shule ya parokia hadi mwaka 1962. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mikono yake ilikuwa na akili.

Alianza uashi mwaka 1965, akaziba nyufa za kanisa hili kwa chokaa aliyoiloweka mwenyewe. Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa humu humu. Mama anasema bwana harusi alifika altareni na chokaa kwenye kucha, padri akashindwa kuzuia kicheko.

Mwaka 2011 kulipotokea mpango wa kulibomoa kanisa, marehemu aliiandikia serikali akiomba lilindwe kisheria kama jengo la urithi. Wakaguzi walipangiwa kuja tarehe 9 Mei 2016. Wiki hiyo alikuwa safarini. Mwanawe wa pili, fundi wa nyumba za kisasa, huyu anayewasomea, alitaka kumfurahisha. Aliona ukuta wa kaskazini umechakaa, akaupaka saruji wote. Marehemu alirudi asubuhi ile ile ya ukaguzi. Wakaguzi walitikisa vichwa: saruji hufungia unyevu ndani na kuliozesha jiwe la kale. Wakauliza ni nani aliyefanya vile. Mwana alikuwa amesimama pale pale, saruji ingali kwenye viatu vyake.

"Ni mimi," marehemu alisema. "Uzee huu."

Ombi likakwama. Kwa miaka sita aliibandua saruji ile kwa patasi, huku watu wakimcheka kwamba fundi mzima kasahau kazi yake. Nyumbani hakuligusia jambo hilo kamwe. Angegomba, ingekuwa nafuu.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2021. Daktari alimkataza vumbi. Aliitikia, kisha akarudi ukutani. Alipolazwa, mwanawe alijikaza.

"Baba, ule ukuta..."

"Ukuta gani? Hebu nipe maji."

Barua ya serikali ilifika tarehe 14 Agosti 2023: kanisa halitabomolewa, ila saruji iliyobaki iondolewe. Aliisikiliza ikisomwa, akalala. Alifariki tarehe 17, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba. Mbele ya jeneza hili, mwanawe wa pili anasema alichopaswa kusema siku ile: saruji aliipaka yeye, na marehemu hakuwa na kosa.

Baba, pumzika kwa amani. Zimebaki hatua nne za ukuta, na patasi anayo mwanao.