Ng'ombe wa Kushusha Mashua

Sogeeni, wanangu, Filipo na Angelina, maana sauti yangu imebaki ndogo na sitaki mtu mwingine aje kuwasimulia niliyosema.

Mnajua kwamba sisi ni watu wa ng'ombe, na kwamba bwawa la Mtera lilipojaa likameza malisho yetu hapa Chimeya, wengi walihama, lakini baba yangu, babu yenu, na mimi tulibaki tukajifunza kuranda mbao. Wanunuzi wa samaki walipoiona mashua yetu ya kwanza walicheka, wakauliza kama ni chombo au ni zizi linaloelea. Zizi lile lilivua perege na kambale mpaka waliolicheka wakaja kuagiza ya kwao. Leo wageni wanatoka Dodoma mjini, wanapanda kilimani kuutazama uwanja wetu, na wanashangaa kwamba mashua zinaundwa mbali na maji. Waambieni maji ya bwawa huenda na kurudi, kilima kipo palepale, na zetu hushushwa ufukweni na ng'ombe, jambo ambalo sijasikia likifanywa kwingine.

Ng'ombe hao ni wa jirani yetu Methusela. Tuligombania kipande cha malisho kilichosalia juu ya maji, na tangu hapo hatujaketi pamoja. Hata hivyo kila nilipomaliza mashua nilikwenda mwenyewe kusimama mlangoni pa zizi lake nikaomba, naye hakuninyima kamwe. Kiti pia hakunipa. Simlaumu, malisho yale yalimuuma kama yalivyoniuma mimi.

Sasa shikeni neno langu. Uwanja na zana ni vya Angelina, kwa kuwa mashua iliyo pale juu ameiunda yeye, na ni nzuri kuliko zangu zote. Filipo, usininunie. Nyumba na shamba ni vyako, na kwa kuwa wewe ndiye mkubwa, kwenda kuomba ng'ombe nako ni juu yako. Umesema utaleta trekta kutoka Kongwa ili usimwinamie Methusela. Trekta litaishusha mashua, sikatai, lakini tangu siku hiyo nyumba hizi mbili hazitakuwa na sababu ya kuonana.

Nenda leo. Mwamkie kwa heshima, malisho usiyataje. Ukirudi nao wapitishe hapa dirishani, nisikie kengele zao.

Angelina, nilowanishe midomo... Mungu aibariki mikono yenu, awape... awape watoto wa kuwasikiliza.

Filipo. Bado umekaa?